Muda Mrefu Sana ni Saa Ngapi?

Malalamiko juu ya programu za simu na kompyuta yameenea katika kila nyumba na kila ofisi. Mama hutuma fedha za karo, simu ikamwambia asubiri, kisha isimwambie lolote tena. Karani hufungua orodha ya mishahara akakuta tarakimu zimehama safu. Askari aliye mbali na jamaa zake hujaribu kuzungumza na watoto huku akiwaona, sauti ikafika na sura zisifike. Wote huuliza swali moja: je, waliotunga programu hii hawaioni kasoro hii? Na kama wamekwisha kuambiwa, mbona masahihisho hayaji?

Swali hilo ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa kejeli. Mtu aliyelipia huduma anastahili kuipata. Hata hivyo, kati ya siku kasoro inapoonekana na siku masahihisho yanapofika pana safari, na safari hiyo ina watu wengi: anayeona, anayeandika, anayepokea, anayetengeneza, anayepeleka, na mwisho yule anayepakia katika chombo chake. Mmoja akilegea, wote hukwama. Ni vigumu kupata mfano unaoonyesha jambo hili waziwazi kuliko yale yaliyotokea Dhahran, Saudi Arabia, mwezi Februari mwaka 1991, wakati wa Vita vya Ghuba. Ni habari ya wanajeshi, nayo ilielezwa kwa kirefu katika taarifa iliyotolewa Februari 1992 na ofisi ya ukaguzi inayolitumikia Bunge la Marekani.

SEHEMU MOJA YA KUMI

Mtambo wa Patriot ulibuniwa na Wamarekani kwa ajili ya kuyalinda majeshi huko Ulaya dhidi ya ndege za Kisovieti. Ilikusudiwa uhamishwe mara kwa mara ili adui asiugundue, na ufanye kazi saa chache tu mahali pamoja. Huko Ghuba ukapewa kazi nyingine: kukaa mahali pamoja, kuwaka usiku na mchana, na kuyazuia makombora ya Scud ya Iraki, ambayo kasi yake hupita ile ya ndege ulizotungiwa kuzipiga.

Rada ya mtambo huo ikiona kitu angani, kompyuta hukadiria mahali kitu hicho kitakapokuwa punde ijayo, kisha huiamuru rada itazame hapo, kama mlinzi anayechungulia kupitia dirisha dogo. Kitu kikionekana dirishani, ni shabaha ya kweli. Kisipoonekana, kompyuta huhesabu kwamba kilichoonekana mwanzo kilikuwa kivuli tu, nayo hukiacha. Ili ikadirie vema, kompyuta hutegemea saa yake ya ndani, na saa hiyo ilihesabu muda kwa vipande vya sehemu moja ya kumi ya sekunde, tangu mtambo ulipowashwa.

Hapo ndipo kasoro ilipojificha. Kila mwalimu wa hesabu anajua kwamba shilingi 100 hazigawanyiki sawasawa kwa watoto watatu, utaandika 33.33 na kuendelea, na utakapochoka kuandika, kipande kidogo kitakuwa kimebaki nje. Kompyuta huhesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na kwa namna hiyo ya kuhesabu, sehemu moja ya kumi nayo haiandikiki ikaisha. Patriot ilikuwa na nafasi 24 za kuandikia, kilichozidi kilikatwa. Kilichokatwa kilikuwa kidogo mno, pungufu ya sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Lakini saa moja ina vipande 36,000 vya namna hiyo, na saa 100 zina vipande 3,600,000. Haba na haba hujaza kibaba. Mtambo ukiwaka saa 100 mfululizo, hesabu ya muda ilikosea kwa takriban theluthi moja ya sekunde, na dirisha la rada likawa limehama mita 687. Mlinzi alikuwa macho, lakini alichungulia upande usiokuwa na mtu.

SIKU KUMI NA TANO

Tarehe 11 Februari 1991 Waisraeli, ambao nao walikuwa na Patriot, walipeleka taarifa katika ofisi ya Jeshi la Marekani inayousimamia mtambo huo. Taarifa yao ilikuwa na kipimo: mtambo ukiwaka saa 8 mfululizo, dirisha la rada huhama kwa asilimia 20. Waliweza kusema hivyo kwa sababu walikuwa na kifaa kinachorekodi mwenendo wa mtambo. Wamarekani walikuwa na vifaa vya namna hiyo pia, ila makamanda wao huko Ghuba hawakuvitumia, kwa kuhofia kwamba vingeweza kuuzimisha mtambo ghafla katikati ya vita.

Kwa kipimo hicho kimoja yaliyobaki yaliweza kukokotolewa. Ikiwa saa 8 huleta asilimia 20, saa 20 huleta asilimia 50, na hapo shabaha hutoka nje ya dirisha. Kikomo kilikuwa ndani ya taarifa ile ile. Wala mafundi hawakulala: tarehe 16 Februari, siku tano baada ya taarifa kufika, programu iliyosahihishwa ilitolewa. Kwa kazi ya namna hiyo siku tano si nyingi. Kilichobaki ni kuifikisha kwa vikosi, na katika hali ya vita kupata ndege na magari ya kuisafirisha kulichukua siku nyingine nyingi.

Tarehe 21 Februari ofisi ile iliwatumia watumiaji ujumbe. Ujumbe ulisema kwamba kuuwasha mtambo kwa muda mrefu sana kunaweza kulihamisha dirisha la rada, na kwamba programu mpya iko njiani. Haukusema muda mrefu sana ni saa ngapi. Wakuu waliohusika walidhani kwamba hapana mtumiaji ambaye angeuacha mtambo ukawaka mfululizo hata ukashindwa kazi yake. Kwa hiyo hawakuona haja ya maelezo zaidi.

Na dawa ya muda ilikuwapo, tena rahisi kuliko zote. Mtambo ukizimwa na kuwashwa upya, saa yake ya ndani hurudi sifuri na kosa lote lililolimbikizana hufutika. Kazi hiyo huchukua sekunde 60 hadi 90. Laiti ujumbe ungesema, "Zimeni na kuwasha upya kabla ya saa 20 kutimia," kila kikosi kingelipanga zamu zake na kungojea programu mpya kwa amani.

Usiku wa tarehe 25 Februari mtambo mmoja uliokuwa ukiilinda Dhahran ulikuwa umewaka zaidi ya saa 100 mfululizo. Kombora la Scud likaja. Rada ikatazama pasipokuwa na kitu, na mtambo ule haukurusha chochote kulizuia. Kombora likaangukia ghala lililogeuzwa kuwa bweni la askari. Wamarekani 28 walikufa, na wengine kama mia moja walijeruhiwa. Kumi na watatu kati ya waliokufa walikuwa wa kikosi kimoja cha akiba kutoka Greensburg, mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania, ambacho kazi yake vitani ni kusafisha maji. Watu wa akiba ni raia wenye kazi zao na nyumba zao, walioitwa kuvaa sare nchi ilipowahitaji. Hao walikuwa wamefika Saudi Arabia siku sita tu kabla ya usiku ule.

Tarehe 26 Februari programu iliyosahihishwa iliwasili Dhahran.

NENO LISILO NA KIPIMO

Msomaji anaweza kusema upesi kwamba kisa hiki ni cha usafiri uliochelewa. Ni kweli kwamba siku moja tu ilitenganisha masahihisho na maafa, na wahenga walikwisha kuonya: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Lakini ucheleweshaji wa usafiri vitani hauna wa kuukomesha kabisa. Neno hupita pale ambapo mzigo umekwama. Ujumbe ulitumwa siku nne kabla ya maafa, nao ulikosa tarakimu moja.

Hili ndilo fundisho kubwa kwa kila mtumiaji na kila fundi. Kati ya taarifa na masahihisho daima pana siku za kungojea, na katika siku hizo kinachomlinda mtumiaji ni maneno aliyoambiwa. Maneno yenye kipimo humwonyesha la kufanya. Maneno yasiyo na kipimo humwacha pale pale alipokuwa, isipokuwa sasa anadhani ameonywa. Aliyeandika "muda mrefu sana" alikuwa na maana kichwani mwake. Askari aliyesoma alikuwa na maana yake mwenyewe. Kwa mtu aliyezoea kukesha lindo, saa 20 si muda mrefu hata kidogo.

Majumbani mwetu "muda mrefu sana" ina ndugu zake. "Simu imeharibika." "Programu haifanyi kazi." "Inasumbua siku hizi." Anayesema hivyo hasemi uongo, lakini anayesikiliza hana pa kushika. Ni sawa na mzazi anayempeleka mtoto zahanati na kumwambia mganga kwamba mtoto ni mgonjwa, kisha akanyamaza. Mganga atauliza: homa ilianza lini? Anatapika? Amekula nini? Fundi wa programu naye ni mganga wa aina hiyo, ila yeye hamwoni mgonjwa; yuko mbali, pengine nchi nyingine, na alicho nacho mkononi ni maneno ya mtumiaji tu. Malalamiko humpunguzia mtu uchungu wa moyo. Taarifa ndiyo inayompa fundi mahali pa kuanzia.

VIDOLE VYA MHUDUMU

Ipo habari nyingine inayofaa kuwekwa kando ya hiyo. Kati ya mwaka 1985 na 1987, mashine ya kutibu saratani iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa Kanada, iliwapiga wagonjwa sita huko Marekani na Kanada kwa mionzi kupita kiasi kikubwa, na baadhi yao walikufa kwa sababu hiyo. Mashine hiyo iliendeshwa na kompyuta. Malalamiko ya mwanzo yalijibiwa kwamba jambo hilo haliwezekani.

Katika hospitali moja ya mji wa Tyler, Texas, mgonjwa mmoja aliumizwa mwezi Machi 1986. Mafundi waliitwa, wakaijaribu mashine, wasiione kasoro yoyote, ikarudishwa kazini. Tarehe 11 Aprili mgonjwa wa pili akaumizwa. Mara zote mbili kioo cha kompyuta kilionyesha maneno "hitilafu 54" na hakikueleza zaidi.

Hapo mtaalamu wa fizikia wa hospitali hiyo, Fritz Hager, hakutosheka na kupiga simu tu. Aliketi na mhudumu aliyekuwa akiiendesha mashine siku hizo mbili, wakaanza kurudia kila alichokifanya mhudumu yule, hatua kwa hatua. Walirudia hata wakaipata. Mhudumu alikuwa ameandika herufi x badala ya e, akarudi juu kwa haraka kuisahihisha, kisha akaendelea. Kwa sababu alikuwa mzoefu na vidole vyake vyepesi, alimaliza kusahihisha kabla ya sekunde nane ambazo mashine ilizihitaji kujipanga, na mashine ikabaki na maagizo mawili yanayogombana. Mtu mwenye kuandika polepole asingeiona kasoro hiyo hata akijaribu mwaka mzima. Ndiyo maana fundi wa kampuni, alipojaribu, hakuipata mpaka alipoambiwa kwamba lazima aandike upesi.

Zingatia hapo kwamba aliyefumbua fumbo hakuwa na programu mbele yake wala hakusomea kuitunga. Alikuwa mtumiaji. Alichokuwa nacho ni subira ya kurudia, na mhudumu aliyekubali kusema kweli kila alichobonyeza, pamoja na lile kosa dogo la herufi. Angelificha kosa hilo kwa kuogopa lawama, fumbo lisingefumbuliwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika mambo ya kompyuta anayeumbuliwa mara nyingi ni mtu mwingine kabisa.

NAMNA YA KUTOA TAARIFA

Kutokana na visa hivyo viwili, mtumiaji wa kawaida anaweza kujiwekea utaratibu ambao hauhitaji elimu ya kompyuta.

Kwanza, aandike alichokuwa akikifanya, kwa mpango wake: nilifungua programu, nikabonyeza hapa, nikaandika hivi, nikabonyeza pale. Pili, aandike alichotarajia kitokee. Tatu, aandike kilichotokea kweli, na kama kioo kilionyesha maneno au namba ya hitilafu, ainakili kama ilivyo bila ya kuifupisha. Nne, aandike tarehe na saa, kwa kuwa fundi ana daftari lake la kompyuta ambamo kila tendo limeandikwa kwa saa, na akijua saa ataupata mstari unaohusika. Tano, ataje aina ya simu au kompyuta na namba ya toleo la programu, ambayo hupatikana katika ukurasa wa mipangilio. Mwisho, aseme kama jambo hilo hutokea kila mara, au hutokea mara moja moja, na akirudia hatua zile zile linatokea tena au hapana.

Ni muhimu vilevile kila kasoro ipewe taarifa yake. Mwenye kuandika barua moja yenye kasoro saba atajibiwa ile iliyo nyepesi, na sita zilizobaki zitasahaulika. Matusi nayo hayafai. Anayeyasoma kwa kawaida ni karani wa zamu ambaye hakuitunga programu hiyo, naye akitukanwa ataharakisha kuifunga barua ili aendelee na nyingine.

Picha ya kioo cha simu husaidia kuliko maneno mia. Lakini kabla ya kuituma, mtumiaji atazame kilichomo ndani yake. Namba ya siri haitumwi kwa mtu yeyote, hata akijiita fundi. Fundi wa kweli haiombi. Na kwa watu wa majeshi na polisi pana tahadhari zaidi: picha isionyeshe ramani, jina la kikosi, orodha ya zamu wala mahali mtu alipo. Mke au mume wa askari naye ayajue hayo, kwa sababu simu ya nyumbani hubeba ujumbe wa kazini kuliko wengi wanavyodhani.

Ndani ya kazi zenye vyeo liko jambo jingine. Askari aliyepewa chombo chenye programu mbovu hamwandikii mtengenezaji. Humwambia mkubwa wake, na mkubwa humwambia mkubwa wake. Njia hiyo ni ya lazima, ila ina hatari yake: kila mahali inapopita, taarifa hupungukiwa na tarakimu. Koplo husema, "Afande, redio ilikatika saa 3 na dakika 10 usiku, ikarudi baada ya dakika 4, na ni mara ya tatu wiki hii." Sajenti hufikisha kwamba redio inakatika usiku. Kwa ofisa hufika kwamba mawasiliano ni mabaya kidogo. Fundi akiipokea taarifa hiyo hana la kufanya. Dawa ni taarifa kuandikwa na yule aliyeona kwa macho yake, na kupandishwa ngazi hadi ngazi kwa maandishi yale yale, kila mkubwa akiongeza maoni yake chini bila ya kufuta ya juu.

WAJIBU WA ANAYEPOKEA

Mzigo huu usitwikwe mtumiaji peke yake. Watumiaji wengi walikwisha kuandika vizuri, wakajibiwa, "Tumepokea, tunashughulikia," kisha kimya. Jibu hilo nalo ni "muda mrefu sana" ya namna nyingine. Kushughulikia ni leo au mwakani? Je, mtu aendelee kuitumia programu, au aiache? Fedha zilizokwama zitarudi zenyewe, au aende ofisini?

Kusahihisha programu kwa kweli huchukua muda, na haki itendeke katika kulisema hilo. Kurekebisha mahali pamoja kwaweza kuharibu mahali pengine, kama mtu anayeziba mlango wa panya akafungulia mlango wa nyoka. Programu moja hutumika katika simu za aina nyingi mno, na masahihisho hujaribiwa kwanza, kisha mara nyingi hutolewa kwa mafungu, wengine wakitangulia na wengine wakifuata. Haraka haraka haina baraka. Ajuaye hayo hatadai kwamba kasoro iliyotajwa asubuhi itengenezwe kabla ya jua kuchwa.

Anachoweza kudai, tena kwa haki kabisa, ni mambo mawili yasiyohitaji muda wowote wa kutengeneza: kuambiwa kasoro imethibitishwa au bado, na kuambiwa afanye nini wakati anapongoja. Zima uwashe kila asubuhi. Usitume fedha kwa njia hii hadi tarehe fulani. Tumia ile nyingine. Hifadhi kazi yako kila baada ya dakika 10. Agizo la namna hiyo huandikwa kwa mistari miwili, na huko Dhahran mistari miwili ndiyo iliyokosekana.

MASAHIHISHO YAKIFIKA

Baada ya kudai, mtumiaji ana deni lake. Wapo wanaolalamikia masahihisho kuchelewa, na hali simu zao zimekwisha kuwaarifu mara kumi kwamba toleo jipya liko tayari, nao mara kumi wamebonyeza "baadaye". Sababu zao zinaeleweka: vifurushi vya intaneti ni ghali, nafasi ya simu imejaa picha, na wengine huogopa kwamba toleo jipya litabadilisha sura waliyoizoea. Lakini madhara ya kungoja yamekwisha kuonekana.

Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa masahihisho ya kasoro moja katika programu yake ya Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo, karibu miezi miwili baadaye, programu ya uharamia iitwayo WannaCry ilisambaa duniani kwa kupitia kasoro hiyo hiyo, ikizifunga kompyuta na kudai fidia. Huko England takriban theluthi moja ya mashirika ya hospitali za umma yalipata msukosuko, na maelfu ya wagonjwa waliokuwa na miadi waliahirishiwa. Safari hii masahihisho yalikuwa yamekwisha kufika mlangoni; waliokosekana ni wa kuyaingiza ndani.

Kwa nyumba ya kawaida haya hayahitaji gharama kubwa. Siku moja katika wiki, mtu mmoja wa nyumbani aliye mwepesi wa mambo ya simu, na mara nyingi huyo ni kijana wa sekondari, azikusanye simu za wazee na kuzitazama. Picha zisizohitajika zifutwe ili nafasi ipatikane. Masahihisho ya programu za fedha na ya simu yenyewe yatangulie. Ya michezo na mapambo yanaweza kungoja kifurushi kingine. Toleo jipya lipakiwe kutoka duka rasmi la programu la simu hiyo, kamwe si kutoka katika kiungo alichotumiwa mtu na asiyemjua. Na simu iliyozeeka hata mtengenezaji ameacha kuipelekea masahihisho isitumike tena kuwekea fedha, ingawa kwa kupiga na kupokea bado inafaa.

Pembeni mwa meza ya nyumbani, na pembeni mwa kila kompyuta ya ofisi, pafaa kuwekwa daftari dogo na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Siku chombo kinapokosea, saa iandikwe papo hapo, kabla ya hasira kupanda na kabla ya kumbukumbu kufifia. Anayepokea taarifa akiuliza tatizo lilianza lini, asijibiwe "tangu zamani" wala "juzi juzi", asomewe mstari. Naye akijibu kwamba litatengenezwa karibuni, asiachwe aende hivyo hivyo. Aulizwe kwa heshima, na jibu lake liandikwe katika daftari lile lile: karibuni ni tarehe ngapi, na mpaka siku hiyo tufanye nini?